Pete chache kwenye slaidi

Mvulana alikuwa na miaka mitatu. Nyanya yake alimbeba mgongoni juu ya bodaboda wakafika saa nane usiku, mwezi wa Mei, majira ambayo mvua huwa imegeuza nusu ya nyanda za Kano, huku Kisumu, kuwa ziwa na vyura husikika hadi ndani ya maabara. Nilikuwa zamu peke yangu. Nikamshika kidole, nikakifuta kwa spiriti, nikakidunga, na mtoto hakulia. Mtoto wa umri ule akidungwa asilie, mtu wa maabara huingiwa na hofu.

Tone lilitoka jepesi, limepauka kama juisi iliyoongezwa maji. Nikatengeneza slaidi mbili, nene na nyembamba, nikaziacha zikauke, nikazipaka rangi ya Giemsa. Nyanya alikaa kwenye benchi la mlangoni, mtoto kifuani, akimwimbia kwa Kijaluo kwa sauti ya chini.

Nilipoweka lenzi ya mafuta niliona pete. Ndivyo tunavyokiita kimelea cha malaria kikiwa kichanga: kiduara chembamba cha buluu chenye kito chekundu upande mmoja, kimetulia ndani ya chembe nyekundu ya damu. Nilipitia nyanja mia moja za darubini. Pete zilikuwa chache. Nikaandika kwenye fomu alama moja ya kujumlisha, ile ya chini kabisa, nikampelekea daktari wa zamu moyo ukiwa umetulia kidogo.

Hakuniuliza ni ngapi. Aliuliza, "Ni changa au zimenenepa? Na chembe nyeupe, zimebeba kitu cheusi?"

Nikarudi kwenye darubini. Pete zilikuwa zimenenepa. Baadhi zilishaanza kuwa na punje ya kahawia katikati. Chembe nyeupe, ambazo mara ya kwanza nilizipita tu, zilikuwa na madoa ya rangi hiyo hiyo, kama mikono ya mtu aliyetoka kusafisha meko ya kuni. Nilipomwambia, daktari hakungoja nimalize. Alimpa mtoto sindano ya artesunate, dawa ya malaria kali, akapiga simu kutafuta damu, na kabla ya alfajiri ambulensi ilikuwa barabarani kuelekea Kisumu mjini.

Nyanya alipokuwa akipanda aligeuka akaniuliza, "Nyathina, mwanangu, si umesema ni wachache?"

Sikuwa na jibu. Hesabu yangu ilikuwa sahihi, na bado mtoto alikuwa anakufa. Nilikuwa na miaka miwili kazini, nimesoma mamia ya slaidi, na sikuwahi kujiuliza kwa nini kwenye tone la kidole karibu kila mara naona pete tu. Vimelea vilivyokomaa viko wapi? Kimelea hakiishii kwenye pete. Swali hilo ndilo lililonifanya nianze kusoma usiku wa zamu tulivu, na hapa naandika jibu nililopaswa kumpa nyanya yule.

Plasmodium falciparum, kimelea kinachoua watu wengi zaidi huku kwetu, kikishaingia kwenye chembe nyekundu hukaa humo karibu saa 48. Siku ya kwanza sehemu kubwa ni pete. Kisha hunenepa, hula hemoglobini, na masalia ya mlo huo ndiyo ile punje ya kahawia. Mwishowe hujigawa vikawa vimelea 16 hadi 32, chembe hupasuka, homa hupanda, na kila kimoja hutafuta chembe mpya. Ukipiga hesabu, nusu ya muda wake kimelea si pete. Slaidi zingepaswa kujaa vile vilivyonenepa.

Havionekani kwa sababu vimejificha. Pete ikifikisha saa 16 hadi 20 hivi, kimelea huanza kupeleka protini yake hadi juu ya ngozi ya chembe. Chembe ambayo ilikuwa laini huota vinundu vidogo, na protini hiyo, PfEMP1, hunata kwenye kuta za mishipa midogo kabisa: ya ubongo, ya utumbo, ya mapafu. Chembe hushika hapo na kuacha kuzunguka. Haifiki kwenye bandama, ambako ingechujwa na kuangamizwa. Haifiki kwenye kidole pia. Tone ninalolichukua ni hesabu ya wale wanaoelea bado. Waliokwisha kung'ang'ania ndani wanaweza kuwa mara nyingi zaidi, na alama yangu moja ya kujumlisha haikuwagusa kabisa. Daktari aliuliza umri wa pete kwa sababu pete zilizonenepa zote kwa pamoja ni dalili kwamba kundi kubwa linakaribia kushika ukuta, na masizi kwenye chembe nyeupe yanasema kwamba kundi lingine limekwisha kupasuka.

Nilipoelewa hili nilielewa pia kwa nini sindano ile ni ya haraka. Mwaka 2010 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa uliofanywa kwa watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, Kenya ikiwemo. Waliopewa artesunate walikufa asilimia 8.5, waliopewa kwinini asilimia 10.9. Kwinini hukipiga kimelea kilichonenepa, wakati ambapo kimeshanata. Artesunate hukiua kikiwa bado pete, kabla hakijapata kile kinachokiwezesha kunata. Tofauti ya saa kumi katika maisha ya kidudu ndiyo tofauti ya mtoto kurudi nyumbani.

Hapa ndipo nilipoanza kupenda somo lenyewe, na naomba msomaji anivumilie, kwa sababu nadhani ni jambo zuri ajabu hata kama mwenye uzuri huo ni adui yetu.

Pete ina jeni zote. Mwaka 2002 wanasayansi walichapisha jeni nzima za kimelea hiki: kromosomu 14, jeni kama 5,300. Jeni ya kunata kwenye mishipa imo ndani ya pete tangu dakika ya kwanza. Jeni ya kuingia kwenye ini imo. Jeni ya kutoboa utumbo wa mbu imo. Hakuna hatua ambayo kimelea huongezewa maarifa mapya. Kinachobadilika ni zipi zimeamka na zipi zimelala.

Waliokulia Dunga au ufuo wowote wa ziwa wanamjua mvuvi wa omena. Nyumbani kwake kuna nyavu za aina mbalimbali, taa, makasia na ndoo. Usiku wa giza, mwezi ukiwa umezama, hubeba taa na wavu wa matundu madogo, kwa sababu omena hufuata mwanga. Mwezi ukiwa mpevu huviacha ukutani. Ukimkuta ziwani na kutazama alichobeba, utajua mwezi uko wapi bila kuinua macho. Kimelea ni hivyo hivyo. Mtu akichukua ujumbe wa RNA, yaani zile nakala ambazo jeni zilizoamka huzitoa ili protini itengenezwe, anaweza kusema kimelea hiki kina saa ngapi.

Maabara ya Joseph DeRisi huko San Francisco ilifanya jambo hilo. Waliotesha vimelea ndani ya damu, wakavifanya viende umri mmoja, wakachukua sampuli saa baada ya saa kwa mzunguko mzima wa saa 48. Matokeo yalitoka 2003. Sehemu kubwa ya jeni zinazotumika kwenye damu huamka mara moja tu katika mzunguko, kwa zamu, na kila moja huamka muda mfupi kabla ya kazi yake kuhitajika. Kwanza zile za kutengeneza protini, baadaye zile za kunakili DNA, mwishoni zile za kuvamia chembe mpya. Hakuna akiba ya siku tatu. Ni kama mama wa vibanda vya samaki kule ufuoni ambaye hatii samaki kwenye mafuta mpaka mteja ashuke kwenye matatu.

Hata mashine za kutengenezea protini, ribosomu, hubadilishwa. Sisi tunatumia zile zile tangu tumboni hadi uzeeni. Kimelea kina jeni za ribosomu za aina mbili: moja hutumika zaidi kikiwa kwenye damu ya mtu, nyingine kikiwa ndani ya mbu. Nilisoma sentensi hiyo mara tatu.

Narudi kwenye protini ya kunata, kwa sababu ndiyo iliyotaka kumwua mvulana wetu. Kimelea hakina jeni moja ya PfEMP1, kina kama 60, zinaitwa var. Ni kama sanduku la leso sitini. Lakini huvaa moja kwa wakati, zile nyingine 59 zimekunjwa na kufungiwa kwenye kona ya kiini. Mwili wa mtoto hujifunza kuitambua leso ya leo na kuanza kuwashambulia wanaoivaa. Wachache waliokwisha kubadilisha huponyoka, wanazaana, na kazi inaanza upya. Ndiyo maana huku Kano mtu huugua malaria mara nyingi utotoni kabla mwili haujazijua leso za kutosha, na akiwa mkubwa anaweza kutembea na vimelea bila hata kuumwa kichwa.

Isipokuwa mimba ya kwanza. Dada yangu hakuugua malaria tangu darasa la tano. Alipopata ujauzito, mwezi wa tano, aliishiwa damu hadi akawa anapumzika katikati ya ngazi. Miongoni mwa zile leso kuna moja, VAR2CSA, inayonata kwenye kondo la nyuma tu. Mwanamke ambaye hajawahi kubeba mimba hana kondo, kwa hiyo mwili wake haujawahi kukutana na leso hiyo. Kinga yote ya utotoni haimsaidii hapo. Mimba ya pili na ya tatu mwili huwa umeshajifunza. Nasema haya kwa sababu nimewasikia wanawake wakisemwa kliniki kwamba wamezembea, eti mtu mzima wa Nyanza anaumwaje na malaria. Hajazembea. Zile tembe za SP, dawa ya kukinga malaria, wanazopewa kliniki ya wajawazito, anywe mbele ya muuguzi, zina sababu, na sababu yenyewe ni hii.

Sasa kuna wale wanaoacha njia. Katika kila mzunguko vimelea vichache havirudi kuwa pete za kawaida. Vinageuka kuwa dume na jike. Katika falciparum huchukua siku 10 hadi 12 kukomaa, vimejificha zaidi kwenye uboho, kisha hutoka kwenye damu vikiwa na umbo la ndizi. Kwenye darubini ni vizuri kutazama, vimepinda taratibu. Haviumizi mtu. Havipasui chembe, havileti homa. Kazi yao ni kungoja mbu.

Kilichonishangaza ni kwamba dume na jike hawana tofauti ya jeni hata moja. Hakuna kromosomu ya kiume. Kimelea kimoja, chenye jeni zile zile, kinaweza kuzaa wote wawili. Jinsia yao ni suala la jeni zipi zimeamshwa. Na uamuzi wenyewe wa kuacha njia ya kawaida unapitia jeni moja, AP2-G, iliyotambuliwa na makundi mawili ya watafiti mwaka 2014. Kwa kawaida imefungwa. Ikifunguka, huamsha nyingine, na kimelea hicho hakirudi nyuma. Miaka mitatu baadaye ikaonekana kwamba kimelea huonja damu yetu: kuna mafuta fulani ambayo yakipungua, vimelea vingi zaidi huchagua njia ya ndizi. Kinasoma hali ya mwenyeji wake.

Nimewahi kuona kinachofuata. Wakati wa mafunzo tulipelekwa kwenye maabara ya utafiti nje kidogo ya Kisumu, na mwalimu mmoja alichukua tone kutoka kwenye chupa ya ndizi zilizooteshwa kwa joto la mwili. Akaliweka kwenye slaidi, mezani, kwenye joto la chumba, akaongeza tone la kemikali ambayo mbu anayo tumboni mwake. Akasema, "Tazama saa." Tukatazama kwa zamu. Kwanza ndizi zilijikunyata zikawa duara. Dakika ya kumi hakuna kitu. Dakika ya kumi na mbili zamu ilikuwa yangu, na duara moja likaanza kutetemeka. Likatikisa chembe zote zilizolizunguka, kama samaki chini ya nyavu, kisha nyuzi zikachomoka pembeni, nyembamba, zinachapa huku na huku. Dume moja hunakili DNA yake mara tatu na kutoa mbegu nane, yote ndani ya dakika kumi na tano hivi. Daktari Mfaransa Alphonse Laveran aliona nyuzi hizo hizo tarehe 6 Novemba 1880 huko Constantine, Algeria, ndani ya damu ya mgonjwa, na hizo ndizo zilizomthibitishia kwamba malaria huletwa na kitu chenye uhai.

Siku zote nimedhani kimelea hungoja kifike kwa mbu ndipo kijue la kufanya. Jike hangoji. Akiwa bado ndani ya damu ya mtu huandika ujumbe wa protini atakazohitaji tumboni mwa mbu, mojawapo ikiitwa Pfs25, kisha huufunga ujumbe huo usisomwe. Jeni imeamka, nakala zipo, protini hakuna. Mbu anaponyonya, joto linashuka, vifundo vinafunguliwa. Ni msafiri aliyefungasha begi na kuliweka mlangoni siku nyingi kabla ya basi.

Haya yana matokeo ambayo nayaona kila wiki kwenye dirisha la maabara. Jirani yangu hapa ploti alikuja kwangu amekasirika: mtoto wake amepata chanjo ya malaria, na bado amelazwa na malaria. Chanjo gani hiyo? Nilimweleza hivi. Chanjo ya RTS,S, iliyoanza kutolewa Kenya huko Homa Bay mnamo Septemba 2019 baada ya majaribio yaliyofanyika pamoja na kwingine Siaya na Kombewa, imebeba kipande cha vazi ambalo kimelea huvaa kikitoka kwenye mate ya mbu. Kinavaa vazi hilo tu kwenye safari fupi kutoka kwenye ngozi hadi kwenye ini. Askari wa mwili wa mtoto wako, waliofunzwa na chanjo, wanalitafuta vazi hilo. Kimelea kimoja kikiwaponyoka na kuingia kwenye ini, baada ya wiki moja hivi hutoa makumi ya maelfu, na hao wanaotoka wameshalivua. Wanapita mbele ya askari wale wale na hakuna anayewajua. Katika majaribio, watoto waliopata dozi nne walipungukiwa na malaria kwa asilimia 36 katika miaka minne. Kwa kijiji kimoja cha Kano hizo ni safari nyingi sana za usiku za bodaboda zisizofanyika. Nilimwomba asiache dozi ya nne. Neti nayo ibaki juu ya kitanda.

Mvulana alirudi. Aliongezewa damu, akakaa hospitali siku sita, na wiki mbili baadaye nyanya yake alimleta tena, safari hii akitembea mwenyewe na biskuti mkononi. Nyanya alikuwa na wasiwasi. Alikuwa amempeleka kwenye duka la dawa karibu na kwake, akapimwa kwa kipimo cha haraka, mistari miwili ikatokea. Wakamwambia malaria haijaisha na wakataka kumwuzia dawa nyingine.

"Dana," nikamwambia, "kipimo kile hakitafuti kimelea chenyewe. Kinatafuta protini ambayo vimelea huimwaga kwenye damu, na protini hiyo hukaa wiki kadhaa baada ya wenyewe kufa."

Nikatengeneza slaidi. Mtoto alilia nilipomdunga, nikafurahi. Nyanja mia moja, hakuna pete hata moja. Nikaongeza mia nyingine ili niwe na hakika, na kwenye ukingo wa slaidi nikakuta ndizi mbili.

Nikamwita nyanya aje atazame. Ilichukua muda kumwonyesha jinsi ya kuweka jicho, kisha akanyamaza.

"Hii iliyopinda?"

"Ndiyo, dana. Hiyo haimwumizi. Inangoja mbu tu."

"Imetoka wapi, na dawa amekunywa?"

"Ilikuwa imeshageuka kabla hajaanza dawa. Ilijificha kwenye mifupa ikikomaa. Dawa aliyomaliza inaua pete vizuri, hizi zilizokomaa hufa polepole."

Alitazama tena, kwa muda mrefu. Kisha akainua kichwa. "Na huyu aling'atwa na mbu aliyetoka kwa nani?"

Nilikuwa nimesoma makala mengi kuhusu ndizi, na hilo sikuwa nimemwuliza mtu. Ijumaa iliyofuata alikuja na wajukuu wengine watatu, wakubwa, wote wako shuleni, wote wazima, wanachekana kwenye benchi. Akasema wapimwe. Wawili walikuwa safi. Msichana mkubwa, wa miaka kumi na mmoja, ambaye hakuwa ameumwa tangu mwaka uliopita na ndiye anayelala chumba kimoja na mvulana yule, alikuwa na pete tatu na ndizi saba.